Wateja ni wako au ni wa Instagram?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania, na haikuanza kurejea mpaka Novemba 3. Zilikuwa siku za majonzi kwa familia nyingi, na biashara si jambo la kwanza kukumbukwa mtu akizitaja. Hata hivyo zilifichua udhaifu ambao wenye maduka ya mtandaoni walikuwa wakiukwepa kwa miaka. Duka linaweza kuwa na wafuasi elfu arobaini Instagram na lisiwe na namna ya kumpata hata mteja mmoja. Mzigo uko stoo, pango linadaiwa, na majina ya watu walionunua wiki iliyopita yamefungiwa ndani ya programu isiyofunguka.

Haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya mitambo ya kampuni yenyewe. Huku kwetu ilikuwa kuanzia jioni hadi usiku wa manane, saa ambazo watu wametoka kazini na wameshika simu. Uganda ilifungia Facebook Januari 2021. Waliobaki humo wakapita kwa VPN, na mtu anayepita kwa VPN huweza kuonekana yuko nchi nyingine, kwa hiyo tangazo lililolenga Kampala likampita pembeni. X (zamani Twitter) nayo ilifungiwa Tanzania Mei 2025. Sababu zinatofautiana kila mara, ila anayeumia ni yule yule: aliyejenga kibanda chake chote kwenye uwanja wa mtu mwingine.

Kila likitokea hivi, ushauri unaotolewa ni kuhamia programu nyingine. Fungua TikTok, fungua Telegram, tengeneza tovuti. Sikubaliani nao. Kuhama ni kubadilisha mwenye nyumba tu. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye duka la mtaani hulijua hilo hadi kwenye vidole: anajua nani anachukua sukari kilo mbili kila Ijumaa na nani analipa mwisho wa mwezi. Duka lilipohamia mtandaoni, daftari liliachwa nyuma, na idadi ya wafuasi ikachukua nafasi yake. Mfuasi hana namba ya simu, hana saizi, wala hana mtaa anaoishi. Daftari la wateja ndilo mkakati wenyewe. Mengine yote ni njia za kulijaza na kulitumia.

Basi daftari hilo liwe na nini? Safu nane zinatosha: namba ya simu, jina analopenda kuitwa, eneo (andika Mbagala Zakhem au Nyegezi Kona, si Dar na Mwanza tu), alichonunua, saizi au kipimo, tarehe, njia aliyotujia, na kama amekubali kutumiwa matangazo. Safu ya njia aliyotujia ndiyo hurukwa kuliko zote, na ndiyo itakayokuonyesha baadaye pesa ya tangazo ilikwenda wapi. Iulizwe pale pale kwenye mazungumzo: "Ulituona wapi, dada?" Jibu liandikwe kabla oda haijafungwa, kwa sababu kesho hakuna atakayekumbuka.

Jedwali la Google (Google Sheets) linafaa, mradi uwashe matumizi bila intaneti kwenye simu inayolitumia. Usipofanya hivyo, siku mtandao ukizimwa nalo halifunguki. Kila Jumamosi jioni pakua nakala, moja ikae kwenye kompyuta au flashi, nyingine ichapwe karatasi. Kuchapa kunaonekana ni mambo ya zamani. Lakini karatasi haisubiri bando.

Safu ya kibali si ya mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Anayekusanya namba za watu kwa biashara anapaswa kusema anazikusanyia nini, kuzilinda, na kujisajili panapotakiwa. Kinachovunja heshima ya mteja haraka kuliko chochote ni kumwingiza kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza. Namba yake huonekana na mamia ya watu asiowajua, na mshindani wako aliyejipenyeza humo anajinakilia daftari lako zima kwa dakika kumi, bure.

Badala ya kundi, tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp Business. Orodha moja inachukua watu hadi 256, na kila mmoja anaupata ujumbe kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Kuna sharti ambalo wengi hawalijui, kisha wanashangaa mbona hawajibiwi: ujumbe hufika kwa aliyehifadhi namba yako tu. Unaweza kuwa na watu 250 kwenye orodha na wakaupata 70. Kupima ni rahisi. Tuma ujumbe, subiri siku mbili, kisha angalia nani amebaki na tiki moja; wengi wao hawajakuhifadhi. Hao wapigie au watumie SMS ya kawaida. Kwa wateja wapya, weka kadi ndogo ndani ya mfuko wa mzigo: jina la duka, namba, na sababu yenye maana kwake ya kuihifadhi, kwa mfano kwamba saizi yake ikiingia ataambiwa kabla haijabandikwa Instagram. Kisha timiza hilo. Ukimtumia kila kitu kila siku, ataifuta namba, na kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kumpata mara ya kwanza.

SMS ina hesabu yake, na hapa Kiswahili kina bahati na mtego. Ujumbe mmoja ni herufi 160 zikiwemo nafasi, na kwa kuwa lugha yetu haina herufi zenye vikofia, tunazipata zote 160. Lakini ukiweka emoji moja tu, mfumo mzima unabadilika na ujumbe unakuwa wa herufi 70. Mtego mkubwa zaidi ni ile alama ya juu kwenye ng'ombe, kung'aa, ng'ambo. Ukiandika kwenye simu au kwenye programu ya kuandikia, mara nyingi alama hiyo hujipinda yenyewe, na alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za SMS. Ujumbe wa herufi 150 wenye neno "kung'aa" lililopinda alama unahesabiwa kuwa SMS tatu. Kwa watu elfu moja umelipia elfu tatu, na hakuna aliyekuibia. Andika "inawaka" badala ya "inang'aa", au badilisha alama iwe iliyonyooka kabla ya kutuma.

SMS nazo zina mipaka. Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa mwaka ule, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliagiza SMS za mkupuo zisimamishwe kwa muda. Kwa hiyo kwenye daftari weka alama kwa wateja thelathini wanaonunua zaidi ya wengine wote. Hao ni wa kupigiwa simu mmoja mmoja, kwa jina, na mtu anayejua walinunua nini mara ya mwisho.

Tuje kwenye pesa, kwani hapa ndipo maduka mengi yanapokufa huku yakionekana yanashamiri. Muuzaji anayetangaza kwa kulipia hujiuliza oda moja imemgharimu kiasi gani. Swali hilo limekosewa. Kinachopaswa kuulizwa ni gharama ya oda iliyopokelewa na kulipwa, na tofauti ya maswali hayo mawili ni faida yote.

Chukua mfano wa gauni linalouzwa 45,000. Kulinunua na kulifikisha Dar ni 24,000, kwa hiyo linabaki 21,000. Wiki hii umelipia tangazo la 180,000. Watu 150 wameandika, 40 wamesema leteni, na umeahidi kupeleka bure kisha mteja alipe akipokea. Kati ya 40, 28 wamepokea. Kumi na wawili wamekataa: mmoja simu haipatikani, mwingine anasema mume hayupo, wa tatu ameona rangi si ile ya kwenye picha. Ukigawa tangazo kwa oda 40 unapata 4,500 kwa oda, na unalala usingizi mzuri. Sasa hesabu vizuri. Boda wa wale 28 kwa 5,000 ni 140,000. Kwenda na kurudi kwa wale 12, kwa 8,000 kila mmoja, ni 96,000. Mifuko 40 kwa 500 ni 20,000. Jumlisha na tangazo: 436,000. Ukigawa kwa 28, kila gauni lililopokelewa limekula 15,571. Faida ghafi ilikuwa 588,000. Umebaki na 152,000, na hapo hujalipa msichana wa dukani, pango, wala bando.

Badilisha jambo moja tu: mteja alipe nauli ya boda, 5,000, kabla mzigo haujatoka, na gauni alipie akishaliona. Oda zitapungua, tusikatae. Tuseme zinashuka kutoka 40 hadi 30. Lakini aliyetoa elfu tano yake anashika simu boda akipiga. Tuseme wanapokea 27 na wanakataa 3. Gharama sasa ni tangazo 180,000, kuwarudisha watatu 9,000, mifuko 15,000, jumla 204,000. Faida ghafi 567,000, unabaki na 363,000. Umeuza gauni moja pungufu, ukabaki na zaidi ya mara mbili ya ulichopata mwanzo. Namba za duka lako zitakuwa nyingine, ila fanya hesabu hii kwa mpangilio huu kila Jumatatu, na oda zilizokataliwa zisifutwe bali ziandikwe na sababu yake. Sababu zikijirudia, tatizo liko kwako. "Rangi si ile" mara tano kwa wiki maana yake ni picha imepigwa chini ya taa ya njano au imechukuliwa kwa msambazaji wa Guangzhou. Piga picha mpya karibu na dirisha, saa nne asubuhi.

Kuna hoja kwamba Watanzania hawalipi kabla ya kuona bidhaa. Wameshatapeliwa mno, ni kweli. Ndiyo maana jina linalotokea mteja anapoweka Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, linapaswa kufanana na jina la duka. Akiona jina la mtu asiyemjua, anasita, na ana haki ya kusita. Kwa upande wako, usikubali skrinishoti ya muamala kuwa malipo, wala SMS iliyotumwa na mteja kutoka kwenye simu yake. Skrinishoti hutengenezwa. Angalia salio na taarifa ya miamala kwenye laini yako mwenyewe, kisha ndipo boda aondoke.

Mzigo wa mkoani una utaratibu wake: malipo yote kabla, jina na namba ya mpokeaji viandikwe kwa kalamu isiyofutika pande mbili za mfuko, risiti ya ofisi ya basi ipigwe picha ikiwa na namba ya gari, na mteja atumiwe picha hiyo kabla basi halijatoka stendi ya Mbezi. Ugomvi mwingi wa mzigo kupotea huanzia hapo ambapo muuzaji anasema nimetuma na hana cha kuonyesha.

Na hili la "bei njoo inboksi" liachwe. Utetezi wake ni kwamba mshindani asione bei. Mshindani naye ana simu. Atauliza kama mteja na ataambiwa. Anayeumia ni wewe, kwa kuwa kati ya wale 150 waliokuandikia wamo wengi ambao wangeiona 45,000 wakapita bila kukusumbua. Badala yake umemweka mtu siku nzima akijibu "bei gani", na aliyekuwa tayari kununua amesubiri kwa muda wa saa tatu akaenda kwa mwingine. Weka bei ya rejareja wazi, na kama unauza jumla andika kiwango cha chini, mathalani kuanzia pisi sita, bei ya jumla iulizwe.

Jibu la kwanza nalo liandaliwe kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, likiwa na kila kitu: "Habari dada, karibu. Gauni la kijani lipo, M na L. Bei 45,000. M: kifua inchi 38, kiuno 31, nyonga 41. Kupelekwa ndani ya Dar 5,000, inalipwa kwanza. Ya gauni unalipa ukishaliona. Uko maeneo gani?" Inchi ni muhimu kuliko herufi, maana M ya kiwanda kimoja ni L ya kingine. Na ujumbe uishie kwenye swali jepesi kujibika. Ukiishia kwenye "karibu sana", mazungumzo yamekufa.

Kuhusu matangazo yenyewe nitasema machache. Mfumo wa matangazo wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huhitaji matokeo takriban 50 kwa wiki kwa kila kundi la walengwa ndipo uache kubahatisha. Mwenye 180,000 akizigawa kwa makundi sita, hakuna kundi litakalofika huko. Kundi moja, picha mbili au tatu, siku saba bila kugusa. Kila ukibadilisha walengwa au kuongeza bajeti kwa kiasi kikubwa, mfumo unaanza kujifunza upya kwa pesa yako. Na usitangaze Tanzania nzima kama boda wako anaishia Kibaha.

Wengine wanaona suluhisho ni kuingia kwenye soko kubwa la mtandaoni lenye maghala na magari yake. Masoko hayo yana faida zake, lakini kumbukumbu zisitutoke. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, miezi saba tu baada ya kuorodhesha hisa zake New York. Kenya, Copia iliyokuwa ikifikisha bidhaa vijijini kupitia mawakala, na iliyokusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa wawekezaji, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Kupeleka kifurushi kidogo mbali kwa faida ndogo ni kazi ghali hata kwa mwenye mamilioni. Uza humo ukipenda, ila kadi yako yenye namba ya simu iwemo ndani ya mfuko pale masharti yanaporuhusu, na usifike mahali ambapo zaidi ya theluthi moja ya mauzo yako yanapita kwenye mlango mmoja wa mtu mwingine. Theluthi ni kipimo changu, si sheria. Kinachohitajika ni kuwa na kipimo na kukifuata.

Kisha angalia nani ameshika funguo. Akaunti nyingi za Instagram za maduka zilifunguliwa na kijana aliyeajiriwa miaka minne iliyopita, kwa barua pepe yake binafsi. Akiondoka kwa ugomvi, duka limeondoka naye. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la mwenye duka au la kampuni, barua pepe iwe ya biashara, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kote. WhatsApp Business inaruhusu vifaa vinne kuunganishwa, kwa hiyo wafanyakazi wajibu kupitia vifaa hivyo huku simu yenye laini ikibaki kwa mwenye mali. Laini hiyo isiachwe bila kutumika kwa miezi, kwa sababu kampuni za simu huzirudisha sokoni namba zilizolala, na atakayeinunua atapokea wateja wako.

Daftari hili lina uzito mkubwa zaidi kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ambao wengi bado wanaamini mambo ya mtandaoni ni ya wauza magauni. Agosti 2025 kilifunguliwa Ubungo kituo kikubwa cha biashara na usafirishaji, na mnunuzi wa jumla anayetoka mikoani kwa basi sasa ana mahali pa kushukia kabla hajafika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Muuzaji aliyemzoea kwa sura tu hana cha kumshika. Aliyeandika kwamba huyu wa Tunduma huchukua katoni kumi za vyombo kila wiki ya tatu ya mwezi, na yule wa Lubumbashi hataki rangi nyeupe, anaweza kumfikia akiwa bado nyumbani. Mtu huyu hahitaji picha zenye muziki. Anahitaji ujumbe mmoja wenye aina ya bidhaa, idadi ya katoni, bei kwa katoni, tarehe ya kushuka stoo, na kiasi cha kutanguliza ili awekewe. Utumwe wiki moja kabla kontena halijatoka bandarini, wakati bado hajaamua basi lake litamshusha wapi.